Kilio cha Nairobi: Santuri ya Kwanza ya Duma

Muziki mgeni hauna haja tena ya kupanda gari ili ufike katika vijiji vya mlimani. Huingia ndani ya simu ya kijana, naye huusikiliza kwa visikilizio vya masikioni huku akipalilia migomba, wala baba yake aliye hatua kumi kutoka kwake hajui kinachoimbwa. Miongoni mwa muziki huo umo ule uitwao metali, wenye magita makali, ngoma za mbio na sauti ya mtu apigaye mayowe. Mzee akiusikia kwa bahati, hutikisa kichwa na kusema, "Debe tupu haliachi kuvuma."

Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikusema kwamba kila kivumacho ni debe tupu. Radi nayo huvuma, na mvua ikanyesha. Basi kazi ya mhakiki ni kulifunua debe na kutazama ndani, kisha kuwaambia wenzake alichokikuta. Mwezi huu twataka kufanya hivyo kwa santuri moja iliyotoka katika nchi ya jirani, ambayo imesifiwa sana Ulaya, na ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia. Ni santuri ya kwanza ya kikundi kiitwacho Duma, watu wa Nairobi. Santuri nayo imepewa jina hilo hilo, nayo ilitolewa mwezi wa Agosti 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipokuwa umenyamazisha majukwaa karibu dunia nzima.

Kikundi hiki kilikuwa cha watu wawili tu. Mmoja ni Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, na kazi yake ilikuwa sauti. Wa pili ni Sam Karugu, na kazi yake ilikuwa gita na mitambo. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Ngoma zote zilitengenezwa kwa kompyuta. Wote wawili walitoka katika jamii ndogo ya wapenzi wa metali mjini Nairobi, ambao kwa miaka mingi walicheza mbele ya watu wachache, wakichekwa na wenzao kwa kuupenda muziki ambao, ati, ni wa Wazungu. Nyimbo za santuri hii walizirekodi Kampala mwaka 2019, nayo ikatolewa na Nyege Nyege Tapes, jumba la muziki la mji huo huo.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili amekwisha kukunja uso. Jina la jumba hilo ni neno ambalo sisi hatulitamki mbele ya wakwe zetu. Lakini kwa Kiganda husemwa kuwa maana yake ni ile hamu impatayo mtu ghafula, akashindwa kujizuia asicheze. Neno ni moja, maana ni mbili, na mtu wa Moshi na mtu wa Kampala wakilisikia kwa pamoja, mmoja atainama kwa haya na mwingine atainuka kucheza. Jumba hilo lina tamasha lake, lililoanzishwa Jinja mwaka 2015, karibu na mto Naili. Mwezi wa Septemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha hilo kwa sababu ya uasherati. Na baada ya siku chache serikali ikaliruhusu liendelee. Hatutaki kuamua hapa shauri la waziri na wenye tamasha. Twataka tu msomaji ajue kwamba santuri hii ilizaliwa katika nyumba iliyokwisha kushtakiwa, na kwamba aliyetaka kuihukumu kabla ya kuisikia alikuwa na sababu nyingi karibu.

Hata jina la kikundi lenyewe laweza kumpoteza mtu. Sisi tukisikia duma twamfikiri yule mnyama mwenye madoa, apitaye wote kwa mbio. Lakini kwa Kikuyu, lugha ya kwao, neno hilo ni giza. Maana zote mbili zimo katika santuri. Nyimbo nyingi zakimbia kama mnyama yule, na zote zakimbia gizani.

Ili kuupima muziki wowote ni lazima kujua ukoo wake. Muziki wa metali ulizaliwa Birmingham, mji wa viwanda vya Uingereza. Tony Iommi, mpiga gita wa kikundi cha Black Sabbath, alikuwa kijana wa kiwandani. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume. Hakuliacha gita. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimwumize, na sauti yake ikawa nzito na ya chini. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Basi uzito ule ambao watu huudhania kuwa ni ushetani, sehemu yake ilitokana na jeraha la mfanyakazi.

Toka shina hilo yalichipuka matawi mengi. Tawi moja, lililostawi sana Ujerumani, huimba habari za mashujaa, wafalme na ushindi, kwa sauti za juu na magita ya mbio. Watu wa Helloween wa Hamburg, walio miongoni mwa waanzilishi wa tawi hilo, waliiita santuri yao ndefu ya kwanza, ya mwaka 1985, Walls of Jericho, yaani Kuta za Yeriko. Baadaye wengine waliuchukua ushujaa huo wakauingiza katika nyimbo ndefu, zenye kugeuza mwendo mara nyingi, mfano wa hadithi yenye milango mingi. Mtu apigaye tarumbeta katika usharika wake hapa mlimani ataelewa upesi kwa nini vijana wa Hamburg walilipenda jina la Yeriko: pale kelele zilipigwa, na ukuta ukaanguka.

Duma hawakuketi katika tawi hilo. Kwao hakuna upanga, hakuna mfalme, hakuna kibwagizo cha ushindi ambacho umati waweza kukiitikia kwa mikono juu. Wameshika tawi liitwalo graindikoa, ambalo mwendo wake ni wa mbio kupita kiasi na uimbaji wake ni mayowe, nao wakalichanganya na kelele za mitambo kama ya kiwanda. Ukitaka kuijua tofauti, fikiri hivi: wale wa Hamburg wapiga kelele kwa kuwa ukuta utaanguka, hawa wa Nairobi wapiga kelele mbele ya ukuta usiotikisika.

Tuseme sasa kilichomo ndani. Wimbo wa kwanza, Angels and Abysses, yaani Malaika na Vilindi, haumkaribishi msikilizaji. Humkamata. Ngoma za mashine humiminika kwa kasi ambayo hakuna mkono wa mtu uwezao kuifuata. Gita limekwaruzwa hata halijulikani kama ni gita au bati liburutwalo juu ya mawe. Na juu ya hayo yote imo sauti ya Khanja, mara nyembamba kama ya ndege aliyeumizwa, mara nzito kama itokayo chini ya ardhi. Nyimbo zifuatazo, kama Lionsblood na Omni, hazipunguzi mzigo. Mtu aliyelelewa kwa nyimbo za sauti nne, ambapo kila sauti huingojea nyingine, ataona kwamba hapa hakuna anayemngojea mwenziwe.

Walakini tuliporudia kuisikiliza, mambo matatu yalianza kujitenga na vurugu, nayo yanastahili sifa.

La kwanza ni ufundi wa ngoma. Kelele hii haikutupwa ovyo. Chini ya mbio hizo mna mapigo yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, moja likienda kwa hesabu yake na jingine kwa hesabu nyingine, kisha yakikutana mahali pamoja. Mtu aliyezoea ngoma zetu, ambamo mkono mmoja hupingana na mwingine na mguu ukachagua wa kuufuata, atalitambua jambo hilo hata kama hataupenda muziki wenyewe. Sam Karugu ameitumia mashine kama mpiga ngoma atumiavyo wanafunzi wake: kila mmoja na pigo lake, naye asikia wote.

La pili ni kwamba hawa vijana hawakuiga. Vikundi vingi vya kwetu Afrika ya Mashariki vilivyoanza metali vilifuata mifano ya Marekani na Ulaya neno kwa neno, hata mtu akifumba macho asingeweza kujua kama yuko Nairobi au Chicago. Duma wameuchukua muziki uliozaliwa kiwandani wakauingiza katika mji wao wenyewe, mji wa jenereta, wa honi za matatu, wa mabati na wa mikesha ya vipaza sauti. Alama ya mahali hapo imo katika sauti yenyewe. Kwa hiyo walipopiga, wageni walisikiliza. Kwa maana mgeni hana haja ya kuuziwa mali yake mwenyewe.

La tatu, na ndilo kubwa, ni ukweli wa kilio chao. Sote tulio mlimani twajua jinsi habari ya msiba inavyoingia nyumbani. Neno la kwanza litokalo kinywani mwa mama aliyefiwa halina maana katika kamusi. Ni ukelele tu. Majirani wausikiapo hawaulizi, "Amesema nini?" Huacha majembe na kukimbia. Baadaye ndipo huja maneno, na baada ya maneno huja nyimbo, na siku ya maziko, pale kihambani, huja tarumbeta. Lakini bila ule ukelele wa kwanza yote yafuatayo yangekuwa desturi tupu. Santuri ya Duma imeichukua dakika ile ya kwanza, kabla ya maneno, ikaifanya kuwa muziki. Mtu asemaye kwamba hiyo si kazi ya sanaa amesahau sauti aliyoisikia siku alipofiwa.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba kupiga mayowe ni kukufuru. Katika Zaburi mna vilio vingi, na ile ya 88 haina faraja mwishoni. Yaisha gizani kabisa. Waliozikusanya Zaburi hawakuiondoa, wala hawakuishonea mkia wa furaha. Walijua kwamba yuko mtu, mahali fulani, ambaye usiku wa leo hana maneno mengine ila hayo.

Lakini hapo hapo ndipo penye kasoro ya santuri hii, na haifai tuifiche. Mwenye Zaburi ile yuko gizani, ila yuna mtu amwitaye. Tangu mstari wa kwanza twajua amlilia nani, na amlaumu nani. Mama aliyefiwa naye, hata akipiga ukelele usio na neno, awaita majirani, nao huja. Kilio cha Duma kinaelekezwa kwa nani? Tumesikiliza, tukarudia, na kwa sehemu kubwa ya santuri hatukuweza kujua. Maneno yamezikwa chini ya mitambo hata hayashikiki. Msikilizaji asiyeshika neno hawezi kujibu, hawezi kubisha, wala hawezi kufariji. Hubaki kusimama nje ya ua akisikia kwamba mtu ndani anaumia, na mlango umefungwa.

Kasoro ya pili yatokana na hiyo. Santuri haina pumziko. Watu wetu waliweka matanga kwa hekima: kulia kuna siku zake, na siku hizo zina mwisho, ili walio hai warudi shambani. Mwanamuziki naye ana njia zake za kufanya hivyo. Aweza kunyamaza kidogo, aweza kuacha pigo moja peke yake, ili ukelele utakaofuata uchome zaidi. Hapa ukelele hufuata ukelele hata sikio likafa ganzi, na kitu kilichotutisha katika wimbo wa kwanza hakitutishi tena katika wimbo wa saba. Hasara hiyo ni ya sanaa kwanza, kabla ya kuwa ya maadili: uchungu usiopumzika hugeuka mazoea.

Kasoro ya tatu ni majina ya nyimbo. Mmoja waitwa Pembe 666. Hilo halitutishi, ni desturi ya zamani ya metali kuchezea hesabu ya yule mnyama wa Ufunuo ili kuwashtua wazazi, na kitu kilichofanywa na wengi kwa miaka hamsini hakishtui tena, huchosha. Kijana wa Nairobi mwenye ufundi kama huu hakuhitaji kuazima pembe za wengine. Mwingine waitwa Sin Nature, yaani Asili ya Dhambi, nalo ni jina zito ambalo mwalimu wa dini angeweza kulijadili na wanafunzi wake kutwa nzima. Lakini uko wimbo ambao jina lake la Kiingereza lamwamuru msikilizaji ajiue mwenyewe kabla hawajamwua wao. Hapa yatubidi kusema kwa nguvu. Huenda waliokusudia jina hilo walitaka kusema juu ya kuua kiburi, au woga, au ule mtu wa kale aliye ndani yetu. Mhakiki aweza kutafuta maana kama hizo akiwa ameketi na kikombe chake cha chai. Kijana aliyekata tamaa, aliye peke yake usiku na visikilizio masikioni, hatafuti maana. Husoma jina lilivyoandikwa. Na kwa kuwa maneno ya wimbo hayasikiki, hana kitu kingine cha kumfafanulia. Msanii ana haki ya kuingia gizani. Hana haki ya kumwachia mtoto wa mwenziwe kisu kisicho na mpini.

Twaambiwa, "Msanii asihukumiwe kwa kazi moja." Vema, tutazame alikokwenda. Mwaka 2024 Martin Khanja alitoa santuri yake peke yake, The Adept, kwa jumba lake mwenyewe aliloliita Haekalu, jina ambalo msomaji wa Biblia atalitambua bila kufundishwa. Santuri hiyo aliiweka wakfu kwa mmoja wa bibi zake, Muthoni wa Kirima, aliyepigana katika vita vya Mau Mau, mwanamke pekee aliyepewa cheo cha jemadari mkuu katika jeshi lile la msituni. Bibi huyo alikaa msituni hata Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, naye alifariki mwezi wa Septemba 2023.

Jambo hilo latufundisha kitu juu ya santuri ya kwanza. Mayowe ni yale yale, na giza ni lile lile. Hatusemi kwamba kazi ya pili ni laini. Lakini sasa kilio kimepata mtu wa kuelekezewa. Nyuma ya sauti yumo bibi aliyeishi gizani kwa miaka mingi chini ya miti, akiwindwa, akafika upande wa pili akiwa hai. Mtu akilijua hilo, akairudia santuri ya mwaka 2020, ataisikia kwa namna nyingine: ataisikia kama sauti ya mjukuu aliyerithi ukelele kabla hajaambiwa habari yake. Hata hivyo, kazi ya kwanza yapaswa kusimama kwa miguu yake yenyewe, wala haiwezi kuazima miguu ya kazi iliyokuja miaka minne baadaye. Kwa hiyo sifa tulizoipa hatuziongezi, na lawama hatuzipunguzi.

Basi tufanye nini sisi wazazi na walimu wa vijana? Kunyang'anya simu ni kazi ya siku moja. Kesho ataazima ya rafiki yake. Twashauri njia ngumu zaidi, nayo ni kusikiliza pamoja naye. Mwambie, "Nipe nami nisikie." Usicheke, wala usikemee kabla ya wimbo kwisha. Kisha umwulize, "Huyu analia nini? Na wewe, mwanangu, unapomsikia unalia nini?" Swali la pili ndilo lenye thamani. Maana kijana apendaye muziki wa kilio mara nyingi ana kilio chake, na huenda ikawa wimbo wa watu wa Nairobi ndio mlango wa kwanza aliouacha wazi. Akiwa na huzuni kubwa, asiachwe peke yake usiku huo.

Na wewe kijana usomaye, usidhani kwamba twakudharau. Umechagua muziki mgumu, na mtu apendaye vitu vigumu aweza kufika mbali. Ila usiridhike na kupigwa na mawimbi tu. Tafuta pigo la chini, ulihesabu. Tafuta maneno, uyaandike, uyapime. Ukikuta hayana kitu, useme hivyo mbele ya rafiki zako. Ukikuta yana kitu, uje utufundishe na sisi.

Hukumu yetu ni hii. Santuri ya Duma si debe tupu. Imejaa, na kilichomo ni uchungu wa kweli, uliopangwa kwa ufundi ambao vikundi vingi vya nchi zetu havijaufikia. Haifai arusini, wala kwa watoto wadogo, wala kwa mtu aliye katika huzuni ya peke yake. Kwa mtu mzima mwenye moyo uliotulia, yafaa kusikilizwa angalau mara moja tangu mwanzo hata mwisho, kwa makusudi, kama vile mtu aendavyo kwenye msiba wa jirani asiyemjua sana. Atarudi nyumbani amechoka, lakini atakuwa amekwisha kusikia jinsi mji ulio karibu nasi unavyolia, na hilo ni jambo ambalo magazeti na nyimbo za kufurahisha hazikupata kumwambia.